Barabara Iliyo Mpakani Haina Diwani

Tarehe 18 Februari 2023 watu wapatao 2,000 walijaa katikati ya jiji la Oxford, Uingereza, kupinga mpango ambao haukuwepo. Waliamini kwamba viongozi wao wanakusudia kuukata mji vipande, kufunga kamera kwenye kila kipande na kumzuia mkazi kutoka mtaani kwake bila ruhusa. Walichekwa sana. Mimi pia sioni pa kuwatetea katika hilo, maana hakuna waraka hata mmoja wa halmashauri uliosema mtu atafungiwa mahali. Lakini kicheko kile kilifunika swali la maana zaidi. Ilikuwaje mji wenye vyuo vikuu viwili na wasomi tele ukashindwa kujua nani ameamua nini kuhusu barabara zake?

Kilichotokea ni kwamba halmashauri mbili tofauti zilikuwa zinafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Halmashauri ya Kaunti ya Oxfordshire ndiyo yenye mamlaka ya barabara. Novemba 2022 ilipitisha jaribio la kuweka kamera katika barabara sita za Oxford: gari binafsi lisilo na kibali likipita hapo saa zilizokatazwa, mwenyewe anatozwa faini. Mabasi, teksi, vani, malori na pikipiki yangepita kama kawaida, na mkazi angeweza kuomba kibali cha siku 100 kwa mwaka. Hakuna mtaa ambao gari lisingefika. Baadhi ya safari tu zingelazimika kupitia barabara ya mzunguko inayouzingira mji.

Halmashauri ya Jiji la Oxford, kwa upande wake, ina mamlaka ya mipango miji. Ilikuwa ikiandaa mpango wa maendeleo wa kufikia mwaka 2040, na humo ikaingiza wazo la “mji wa dakika 15” la Carlos Moreno, profesa wa Paris: duka, shule, zahanati na bustani viwe karibu kiasi kwamba mtu avifikie kwa miguu au baiskeli ndani ya robo saa. Uvumi ukazichukua hati hizi mbili na kuzishona pamoja, zikawa njama moja ya kuwafunga watu. Halmashauri zote mbili zikalazimika kutoa tamko la pamoja kukanusha. Hadi bungeni, mbunge mmoja alisimama na kuziita hizo dakika 15 fikra za kisoshalisti za kimataifa.

Kisheria, yalikuwa mambo mawili kweli. Kwa mtu anayetembea, ni jambo moja. Duka likiwa mbali, gari litatumika. Magari yakijaa, mama hatamruhusu mtoto aende shule kwa baiskeli. Na pale nyumba zinapojengwa ndipo panapoamua duka litakuwa wapi. Waandamanaji wa Oxford walikosea karibu kila kitu, ila walihisi jambo ambalo watawala wao walikuwa wanalikana: kwamba maamuzi haya yana uhusiano. Shida ya Uingereza ni kwamba uhusiano huo hauna ofisi. Unaishi kwenye miguu ya raia tu.

Tazama kilichofuata kwenye masanduku ya kura. Mei 2024 ulifanyika uchaguzi wa madiwani wa jiji. Chama kipya cha Independent Oxford Alliance, kilichojijenga kwa kupinga vizuizi vya magari, kikapata viti kadhaa. Halmashauri ya jiji, hata hivyo, haina mamlaka ya kung'oa nguzo moja ya barabarani. Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi wa kaunti, ambayo ndiyo yenye barabara, na chama cha Liberal Democrats, kilichokuwa kikiiongoza kaunti hiyo wakati mpango wa kamera ukiendelea, kikatoka na viti 36 kati ya 69, wingi wa kutawala peke yake. Sisemi kila kura ilihusu kamera. Yalikuwepo mambo mengine mengi, ya nyumbani na ya mbali. Lakini mtu akitaka mfano wa adhabu kutua kwa asiyehusika na anayehusika kuongezewa nguvu, ni huo.

Mfumo unaozaa hali hii unaitwa wa ngazi mbili, na bado unatawala sehemu kubwa ya maeneo ya vijijini na miji midogo ya England. Wilaya (au jiji lililo ndani ya kaunti, kama Oxford) inatoa vibali vya ujenzi. Kaunti inashika barabara na njia za waenda kwa miguu. Barabara kubwa zaidi hazimo hata mikononi mwa kaunti: A34, inayopita magharibi mwa Oxford, ni ya National Highways, shirika la serikali kuu. Na mistari ya kata, inayoamua diwani gani anamjibu nani, inachorwa na chombo cha nne kabisa.

Mpaka wa jiji la Oxford wenyewe umebana. Nyumba zinazohitajika haziwezi kuenea ndani yake, hivyo sehemu ya mahitaji husukumwa kwa wilaya jirani. Mwaka 2020 Wilaya ya Cherwell, upande wa kaskazini, ilipitisha mpango wa kujenga nyumba 4,400 kando ya Kidlington, Yarnton na Begbroke mahususi kwa ajili ya mahitaji ya Oxford. Mtu atakayehamia huko atafanya kazi Oxford, atapandia basi la Oxford, na akiwa na baiskeli ataielekeza Oxford. Kura yake ya wilaya ataipiga katika halmashauri ambayo kitovu chake ni Banbury, kaskazini kabisa mwa kaunti. Ile ya jiji analokwenda kila asubuhi hana.

Mpango wa Oxford wa 2040, ule wa dakika 15, haukuuawa na waandamanaji. Ulikwama mwaka 2024 kwa sababu wakaguzi waliona jiji halikutimiza wajibu wa kisheria wa kushirikiana na majirani katika kukadiria nyumba zinazohitajika. Mabango na vipaza sauti havikufua dafu. Mzozo wa takwimu kati ya halmashauri zinazopakana ukaumaliza kimyakimya. Watu wachache sana waliandamana kuhusu hilo.

Sasa nije kwenye mistari, kwa kuwa ndipo jambo hili linapochimbika zaidi na ndipo watu wachache wanapotazama.

Kata za halmashauri za England huchorwa na Tume ya Mipaka ya Serikali za Mitaa, iliyoanza kazi mwaka 2010 kwa sheria ya 2009. Kwanza huamua halmashauri iwe na madiwani wangapi, kisha inachora kata, inapokea maoni ya wananchi, na kupeleka amri bungeni. Sheria inaipa mizani ya mambo kadhaa: kila diwani awakilishe idadi ya wapiga kura inayokaribiana na wenzake, jamii zisivunjwe, na utawala uwe rahisi. Kata ikipishana na wastani kwa zaidi ya asilimia 10 inahesabiwa kuwa na tatizo. Zikifika asilimia 30 ya kata zote za halmashauri, au kata moja ikipishana kwa zaidi ya asilimia 30, mapitio huanzishwa.

Wanaohesabiwa ni wapiga kura walioandikishwa, si wakazi. Mtoto wa miaka tisa hamo. Mpangaji aliyehama mara mbili mwaka huu na hajajiandikisha upya hamo. Ukitaka kujua nani hasa anategemea miguu yake katika mji wa Kiingereza, hao wawili wangekuwa karibu na kichwa cha orodha.

Halafu kuna kipengele ambacho mimi naona ni cha busara na cha hatari kwa pamoja. Sheria inaitaka Tume itazame idadi ya wapiga kura itakayokuwepo ndani ya miaka mitano ijayo, si ya leo pekee. Majimbo ya ubunge hayachorwi hivyo. Huko hushikwa daftari la siku moja, na kwa mapitio yaliyokamilika 2023 siku hiyo ilikuwa 2 Machi 2020. Katika kata, makisio ya miaka mitano hutolewa na halmashauri yenyewe, na maofisa wake huyatoa wapi kama si kwenye vibali vya ujenzi? Maana yake, kamati ya mipango inapopitisha nyumba 900 kwenye shamba la zamani, inasogeza pia mstari wa kisiasa. Kama mwendelezaji akichelewa, soko likianguka au kampuni ikiamua kusubiri bei ipande, kata inabaki imechorwa kwa ajili ya watu ambao hawajahamia mtaani hapo. Makisio ni suruali iliyoshonwa kwa kipimo cha mtoto atakavyokuwa mwakani.

Hapa pana hoja ambayo sijawahi kuisikia ikijadiliwa kwa uzito unaostahili. Miongoni mwa mambo ambayo Tume inatakiwa kuzingatia ni mipaka inayotambulika kwa urahisi na itakayobaki hivyo. Kitu gani kinatambulika kwa urahisi? Mto, reli, na barabara kubwa. Kimantiki hakuna ubaya: jamii za pande mbili za barabara ya njia nne mara nyingi hazichanganyiki, basi mstari upite hapo. Lakini kwa nini hazichanganyiki? Mara nyingi kwa sababu hakuna pa kuvukia. Mstari unachukua kasoro ya barabara na kuigeuza kuwa ukweli wa kisiasa.

Na ukishachorwa, barabara ileile inayohitaji kivuko kuliko zote inakuwa ya madiwani wawili, kila mmoja akiwa na ukingo mmoja. Diwani wa mashariki anasema wavukaji wengi wanatoka magharibi. Wa magharibi anasema shule iko mashariki. Kaunti kadhaa humpa kila diwani fungu dogo la kutumia barabarani katani kwake. Fungu hilo huishia kwenye mitaa ya ndani, ambako kila anayenufaika ni mpiga kura wake, wala sioni kwa nini mwanasiasa mwenye akili timamu afanye vingine. Mitaa ya ndani inapata matuta na alama mpya, na barabara ya mpakani inabaki na kasi yake. Ndiyo maana nasema usalama wa mwenda kwa miguu huanza kuamuliwa pale mstari unapochorwa, miaka kadhaa kabla mhandisi hajaitwa.

Oxford inalijua hili kuliko mahali pengine, kwa sababu iliwahi kuwa na mpaka wa matofali. Mwaka 1934 kampuni ya ujenzi ilisimamisha kuta mbili katika mtaa wa Cutteslowe, zenye urefu wa zaidi ya mita mbili kwenda juu na miiba ya chuma, ili wakazi wa nyumba za kununua wasipitiwe na wapangaji wa nyumba za halmashauri. Wapangaji walilazimika kuzunguka mbali kuifikia barabara kuu na mabasi. Mwaka 1938 halmashauri ya jiji ilipeleka greda la kushindilia na kuziangusha. Ikashitakiwa, ikashindwa, kuta zikajengwa upya. Wakati wa vita kifaru cha jeshi kikaupitia ukuta mmoja kwa bahati mbaya, nao ukasimamishwa tena. Zilibomolewa moja kwa moja mwaka 1959, baada ya jiji kuununua ule ukanda wa ardhi zilipokuwa zimesimama. Zingatia jinsi zilivyoondoka. Halmashauri ilikuwa na mamlaka ya mipango, ilikuwa na hasira ya haki, ilikuwa na greda. Haikuwa na umiliki wa vipande viwili vyembamba vya ardhi, na hilo likaipotezea zaidi ya miaka 20.

Vipande vyembamba bado ndivyo vinavyoshinda. Katika mwongozo wa kitaifa wa mipango wa England, ujenzi mpya unaweza kukataliwa kwa sababu za barabara ikiwa tu utaathiri usalama kwa kiwango kisichokubalika, au athari zake za jumla kwenye mtandao wa barabara zitakuwa kubwa mno. Mshauri wa mwendelezaji hahitaji kuthibitisha kwamba watu watatembea. Anahitaji kuonyesha kwamba makutano hayatazidiwa na magari. Kisha hutiwa saini mkataba wa Kifungu cha 106 cha sheria ya mipango ya 1990: mwendelezaji atachangia shule, kivuko, njia ya baiskeli. Mikataba hii huja na kizingiti. Fedha au kazi hudaiwa nyumba kadhaa zikishakaliwa. Familia ya kwanza inahamia, inakuta hakuna njia, inanunua gari la pili. Njia ikija miaka minne baadaye inakuta gari limeshalipiwa na mazoea yameshakomaa, na mtu wa takwimu anaandika kwamba “mahitaji ni madogo.”

Kuna hatua zilizopigwa. Wales ilikuwa na sheria yake ya kutembea na baiskeli tangu 2013. England ilianzisha Active Travel England mwaka 2022, ikiongozwa na bingwa wa zamani wa baiskeli Chris Boardman, na tangu Juni 2023 ni lazima chombo hicho kiulizwe maoni kwenye maombi ya ujenzi wa nyumba 150 au zaidi. Ni jambo jema. Ila kizingiti cha 150 kina tabia ya vizingiti vyote: shamba likigawanywa katika maombi matatu ya nyumba 140, kwa hesabu hiyo ya nyumba hakuna anayelazimika kuuliza.

Wapo watakaosema dawa ni rahisi, unganisha halmashauri, shughuli iishe. Mfano mzuri wanao. Manispaa ya Waltham Forest, kaskazini mashariki mwa London, inashika mipango pamoja na barabara zake nyingi. Mwaka 2014 ilipewa fedha na Meya wa London kugeuza mitaa yake kwa ajili ya miguu na baiskeli. Wapinzani walibeba jeneza mwaka 2015 kuomboleza kifo cha biashara mtaani. Diwani aliyeusimamia mradi, Clyde Loakes, alirudi kwa wapiga kura mwaka 2018 na wakamchagua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Westminster ulikuta waliokaa karibu na mabadiliko hayo wanatembea na kuendesha baiskeli dakika 41 zaidi kwa wiki kuliko wenzao. Mkazi aliyechukia alijua mlango wa kugonga, aliyefurahi pia.

Lakini Lambeth, kusini mwa London, nayo ni manispaa ya ngazi moja, na Mei 2025 Mahakama Kuu ilisema mpango wake wa kuzuia magari West Dulwich haukuwa halali, kwa sababu haikuzingatia ipasavyo wasilisho la kurasa 53 lililotoka kwa wakazi. Mamlaka yote ilikuwa mikononi mwake, na bado hati ya wananchi haikupewa uzito wake kabla ya uamuzi kupita. Kuunganisha kunaonyesha nani wa kulaumiwa. Hakumlazimishi kusikiliza. Na kuna bei nyingine: Birmingham ilipochorwa upya mwaka 2018, madiwani walipungua kutoka 120 hadi 101, na kata nyingi zikawa na diwani mmoja mmoja. Uwajibikaji uliongezeka uwazi, na kila diwani akabeba watu wengi zaidi. Halmashauri kubwa mpya za kaunti nzima zitaupeleka mzani huohuo mbali zaidi.

Oxfordshire imo njiani kupitia hili. Baada ya waraka wa serikali wa Desemba 2024 kutaka ngazi mbili zifutwe, mapendekezo matatu yalipelekwa kwa waziri Novemba 2025: halmashauri moja kwa kaunti nzima, mbili, au tatu, moja ya hizo tatu ikiwa Oxford iliyopanuliwa hadi ndani ya ukanda wa kijani unaoizunguka, yaani ardhi iliyowekewa vikwazo vya ujenzi. Wakati huohuo kaunti ilishaanza kutoza pauni 5 kwa siku kwa magari kwenye sehemu sita, tangu 29 Oktoba 2025, ikisubiri kazi ya reli kwenye Botley Road iishe ndipo kamera zilizozua zogo zije. Mimi naegemea pendekezo la tatu, kwa sababu moja tu: ndilo linalojaribu kuwapa kura katika mji watu ambao nyumba zao zimejengwa kwa mahitaji ya mji. Hoja za akiba ya fedha, zinazotawala mjadala, sizitilii maanani sana. Halmashauri zilizounganishwa kwingine zimeahidi akiba pia.

Ninachokitazama zaidi ni kile kitakachofuata uamuzi wa waziri. Halmashauri mpya huanza na kata zilizorithiwa kutoka mipaka ya zamani, kisha Tume huja kufanya mapitio kamili. Vyama vya siasa havitakosa kupeleka ramani zao, kila kimoja kikijua mtaa gani ukihamishwa kitashinda kiti. Wanaopigania vivuko na njia za baiskeli wamezoea kusubiri mpaka aje mhandisi na michoro ya barabara, na wakati huo kata huwa zimeshachorwa. Safari hii wapeleke kwa Tume ramani ya pale watoto wanapovukia barabara kubwa kwenda shule, wakiomba kingo zote mbili ziwe za diwani mmoja. Sheria inaitaka Tume isivunje uhusiano wa jamii, na sioni ushahidi wa uhusiano ulio wazi kuliko njia wanayoipita watoto kila asubuhi.